Chandarua chenye dawa: tathmini yangu baada ya miaka mitatu

Chandarua ninachokieleza hapa ni kile cha bluu, chenye dawa, tulichogawiwa bure mtaani Nyalenda, Kisumu, ambacho sasa kimetimiza miaka mitatu juu ya kitanda cha wanangu. Kabla yake nilikuwa na kingine cha duara nilichokinunua sokoni Kibuye, kizuri kwa macho lakini kisicho na dawa, na mwaka ule mwanangu wa pili aliugua malaria mara tatu.

Mimi ni muuza mboga. Kila mtoto alipougua nilifunga kibanda siku mbili, nikalipa bodaboda, kipimo cha damu na dawa ya dukani pale ilipokosekana zahanati. Lakini kilichoniumiza zaidi ni sukuma wiki niliyoichukua alfajiri kwa mkopo, ambayo iligeuka manjano ndani ya gunia huku deni likinisubiri. Tangu tutundike chandarua hiki, mwanangu huyo ameugua mara moja tu.

Mtoto mmoja hatoshi kuwa ushahidi. Hata hivyo, utafiti uliofanywa Asembo, Siaya, katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa vilipunguza vifo vya watoto wadogo, na kwamba hata nyumba zisizo navyo, zikiwa ndani ya mita 300 za zile zilizo navyo, zilinufaika. Faida ikimfikia jirani kiasi hicho, sioni haki ya kumbebesha gharama mama mmoja. Wapo wanaodai kwamba kitu cha bure hakithaminiwi, ilhali wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas, waliolipima jambo hili katika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya na kuchapisha matokeo mwaka 2010, walikuta kwamba bei ya senti 60 tu za Marekani ilipunguza waliochukua chandarua kwa asilimia 60, na kwamba waliopewa bure hawakukitumia kwa uchache kuliko walionunua.

Kasoro zipo. Pembe inayosuguana na ubao wa kitanda ilitoboka mwaka wa pili. Nimeishona mara nne kwa uzi mweusi, na mshono wa mwisho umeanza kuachia. Joto la Februari ndani yake ni kali, na watoto hukipiga teke usiku. Aidha, dawa yake ni ya kundi la pairethroidi, ambalo mbu wengi wa huku wamekuwa sugu kwake, kwa hiyo ukipata nafasi ya kuchagua, ulizia chenye PBO, kiambato kinachomzuia mbu kuivunja dawa hiyo mwilini mwake. Tena usikifue ovyo: kimetengenezwa kistahimili takriban mifuo 20, nami nilikifua kila mwezi hadi muuguzi aliponikataza. Sabuni ya kipande na kuanika kivulini vinatosha.

Changu nitakibadilisha kabla ya mvua za Machi, maana ndipo mbu wanapozidi.