Kava la Subaru yangu inayolala nje, Bugolobi

Subaru Impreza WRX STI yangu ya buluu inalala nje, chini ya anga la Kampala, kwa hiyo kava kwangu ni lazima. Hili nimelinunua kwa shilingi laki mbili na nusu, na nalipenda kweli.

Ndani lina kitambaa laini kama flaneli. Nje maji yanateleza, ila mvuke unapata pa kutokea. Yale ya nailoni tupu hufungia unyevu ndani, na asubuhi unakuta bodi imelowa jasho. Kinyesi cha ndege kongoti kinaishia juu ya kava. Hiyo peke yake inatosha, maana kile kina asidi, na kikikaushwa na jua kinaila rangi.

Shida iko kwenye spoila, lile bawa la juu ya buti. Ile ya STI ni ndefu, kitambaa kinavutika pale na mshono umeanza kuachia. Nyuma yake maji ya mvua yanatuama. Mikanda inayopita chini ya tumbo la gari ni imara, upepo haulinyanyui.

Jamani, msifunike gari lenye vumbi jekundu la muramu! Linakwaruza rangi kila kava likitikisika. Osha, kausha, ndipo ufunike.