pcs au crmsh kwa klasta ya Pacemaker?

Zote mbili ni zana za mstari wa amri, na huongoza Pacemaker ileile, yaani programu inayosimamia huduma kwenye klasta (kundi la seva zinazofanya kazi pamoja). Pcs imezoeleka kwenye Red Hat, crmsh kwenye SUSE. Tofauti inayouma iko katika kuhamisha huduma. Kwa crmsh, `crm resource move web seva2` (huihamisha huduma `web` kwenda seva2) huacha sharti `cli-prefer-web`, linaloiambia Pacemaker iipendelee seva2 kwa huduma hiyo. Usipolifuta kwa `crm resource clear web`, huduma itarukia seva2 kila seva hiyo inaporudi kwenye klasta, na watumiaji watakatiwa bila sababu. pcs, kuanzia toleo la 0.11, huliondoa yenyewe. Matoleo ya zamani ya pcs huliacha, kwa hiyo kagua kwa `pcs constraint`.

Mabadiliko yakiwa mengi, crmsh ni tamu zaidi: `crm configure edit` hufungua usanidi wote. Kwa pcs, toa nakala kwa `pcs cluster cib kazi.xml`, ibadilishe kwa `pcs -f kazi.xml`, kisha irudishe kwa `pcs cluster cib-push kazi.xml`.