Spika za nyuma, na fundi aliyeniambia masikio yangu yana kutu

Nimeambiwa mengi katika mji huu wa Tanga. Nimeambiwa gari langu ni kiberiti, nimeambiwa nalipaki kama nafunga ng'ombe. Lakini kwamba masikio yangu yana kutu, hilo nimelisikia kwa mara ya kwanza mwezi uliopita, kama si ule wa kabla yake, nimesimama juani nje ya kibanda cha fundi mziki mmoja huku Ngamiani, mkoba begani, risiti hakuna, na hela yangu keshaitia mfukoni.

Barabara ya ngapi sisemi. Zina namba, atakayetaka azihesabu.

Nianze na mama, maana spika zenyewe ni za mama. Kigari changu ni Toyota kizee, kile kisicho na mkia, mlango wa buti unafunguka kwenda juu. Mama hukaa nyuma siku zote. Kiti cha mbele, anasema, ni cha watu wanaotaka kufika kabla ya gari. Sasa gari lilikuja na spika mbili tu, zote kwenye milango ya mbele, na redio ya Kijapani isiyoshika stesheni yoyote juu ya 90, kwa sababu FM ya kwao ilikuwa inaanzia 76 na kuishia hapo. Redio nilishabadilisha zamani, nikaweka ya flashi. Ikabaki shida ya nyuma. Mama anasema ongeza, naongeza. Mimi mbele masikio yananiuma, yeye nyuma anauliza, "Anasemaje huyo?"

Na mama si msikilizaji wa bahati mbaya. Alikuwa msichana wakati vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star ndio gumzo la mji huu. Anayejua taarabu ya Tanga anajua ilivyojitenga na ile ya Unguja ya fidla na ganuni. Huku kwetu waliingiza magitaa, wakaingiza na gitaa la besi, na hilo besi ndilo lililowainua watu vitini. Mama hasikilizi maneno kwanza. Anasikiliza besi, halafu ndiyo anaanza kuimba. Nimelelewa hivyo hivyo na mimi. Shikeni hilo, maana ndilo lililonipeleka kugombana na watu barabarani.

Bajeti yangu ilikuwa laki moja, na hiyo laki nayo ilikuwa na ndugu zake wanaisubiri. Spika mbili za mtumba, Sh 45,000. Fundi alitaka 40,000, tukashushana mpaka 25,000. Waya, akasema, ni 8,000 nyingine. Nikatoa. Jumla Sh 78,000, na nikajiona mjanja.

Tulianza kupishana siku hiyo hiyo. Yeye alitaka akate kile kibao cha nyuma juu ya buti, apachike spika za umbo la yai, kwamba ndiyo mtindo. Nikakataa. Kibao chenyewe kimeshikwa na vikamba viwili, ukiweka mfuko wa machungwa ya Muheza kinalalamika. Nikifunga breki ya ghafla, hilo lisumaku litasimama wapi kama si kwenye kisogo cha mama? Na mwizi naye anaona kila kitu kupitia kioo. Weka kwenye milango, nikamwambia. Akaguna. "Sawa, bosi." Ile "bosi" ningeisikiliza vizuri siku ile ningeondoka.

Alianza asubuhi akamaliza adhana ya alasiri. Akanijaribishia kwa muziki wake mwenyewe, singeli, sauti mwisho. Singeli kwa sauti ya mwisho hata ndoo ya bati inapiga vizuri. Nikalipa, nikamshukuru, nikampa na hela ya soda juu. Hiyo soda inaniuma mpaka leo.

Jioni nikamchukua mama tukashuke Raskazone apunge upepo. Nikachomeka flashi yake. Sauti ya mwimbaji ikaja kutoka nyuma, safi kabisa, magitaa yakaja, vishindo vya mkono kwenye ngoma vikaja. Mama akanyamaza. Nikamtazama kwenye kioo, amekaza uso kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba.

"Mpiga besi leo hakuja?"

Ni kweli. Besi hakuna. Lilikuwepo kwa mbali, kama jirani anayetwanga nyumba ya tatu. Yaani nimetoa Sh 78,000 na besi limepungua kuliko nilipokuwa na spika mbili. Nikafungua madirisha, nikayafunga. Nikapandisha kitufe cha besi mpaka mwisho, kitu kikawa kinavuma tu bila kupiga. Mtoto wa dada yangu, aliyekuwa kiti cha mbele akichezea redio kama kawaida yake, akaipeleka sauti yote upande wa kushoto. Na besi likarudi! Nikairudisha katikati, likaondoka. Kushoto, lipo. Katikati, halipo. Tulifanya hivyo labda mara kumi, tumeegesha pale karibu na bahari, watu wanatupita wakituona vichaa.

Mimi si fundi. Lakini kitu kikiwa kizima kwa upande mmoja na kikafa ukiunganisha pande mbili, hata mpishi atajua tatizo liko kwenye kuunganisha.

Basi kesho yake au keshokutwa nikarudi. Nikasalimia vizuri, nikauliza hali ya kazi, nikaeleza. Nikamwambia, fundi, ngoja nikuonyeshe. Nikaipeleka kushoto, nikairudisha katikati. Akaingiza kichwa dirishani, mdomoni anatafuna muhogo, akasikiliza kwa muda wa kumeza tonge moja.

"Mbona inapiga, dada?"

"Inapiga, ila besi linapotea. Sikiliza tena."

"Besi ni sabufa. Hizi za nyuma ni za kusindikiza tu. Lete laki na themanini nikufungie sabufa, utalia mwenyewe."

"Fundi, mbona kushoto peke yake besi lipo?"

Akajinyoosha. Akawatazama vijana wa bodaboda kwanza, hilo nililiona, aliwatazama kwanza wao. Halafu ndipo akasema, "Dada, spika nzima, waya nzima, redio nzima. Labda masikio ndiyo yana kutu. Si unajua tena, upepo wa bahari."

Wakacheka wote. Na mama muuza bajia, ninayenunua kwake karibu kila siku, naye akacheka.

Sikujibu. Ndiyo aibu yangu, sikujibu kitu. Niliingia garini nikaondoka na gia mbovu, likakwaruza, wakacheka tena. Majibu yote mazuri yalikuja usiku, nimelala. Kama ningeandika haya usiku ule, mngesoma nyota sifuri na laana ya ukoo mzima.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Makorora anayetengeneza redio za mezani na feni. Kijumba chake kimejaa vitu vilivyofumuliwa utadhani machinjioni. Na hapa ndipo sijui nicheke au nilie. Mzee huyo sikio lake moja halisikii kabisa, na la pili ni la kubembeleza. Nilimweleza kwa kupiga kelele. Akaniambia, "Mwanangu, zima hiyo redio."

Hakusikiliza kitu. Alitazama.

Alifungua makava ya milango yote miwili ya nyuma, akachomoa redio, akaachanisha waya za spika. Akatoa betri kwenye saa yake ya ukutani, kale kadogo ka volti 1.5. Akagusisha waya wa kijani kwenye chanya, kijani chenye mstari mweusi kwenye hasi. Karatasi ya spika ya kushoto ikaruka kuja nje, kidogo tu, tak. Akaenda kwenye zambarau, ya kulia, chanya kwa chanya vile vile. Karatasi ikazama ndani. Akarudia ili nione. Nje. Ndani.

"Huyu anasukuma, huyu anavuta," akasema. "Hewa ile ile. Wanagombana, na anayeumia ni besi. Sauti nyembamba hazijali sana ugomvi huo. Nene ndizo zinauana."

Kwenye kiungo cha upande wa kulia, chini ya tepu, waya wa zambarau ulikuwa umefungwa na hasi ya spika, na wenye mstari mweusi umefungwa na chanya. Basi. Ni hilo tu. Kazi ya dakika mbili. Mtu alikuwa tayari kunifungia sabufa ya laki na themanini kwa kosa la dakika mbili.

Na haikuishia hapo. Mzee akachungulia tena kwenye shimo la redio, akavuta kisoketi kilichoning'inia bila kazi. Akaniambia Toyota nyingi huwa na soketi mbili pale, kubwa ya pini 10 yenye umeme na spika za mbele, na ndogo ya pini 6, hiyo ni ya spika za nyuma. Akafuata waya zake kwa ile ile betri ya saa. Zinafika mpaka ndani ya milango. Gari lilikuja nazo kutoka Japani! Ile 8,000 yangu ya waya ilikwenda kukaa sambamba na waya nilizokuwa nazo miaka yote. Hapo nikasimama nikitaka kwenda Ngamiani kwa miguu.

Mzee akanishika mkono. "Njoo uone huku."

Akanionyesha mlangoni. Spika ilikuwa imekaa juu ya duara la plaiwudi, kwa sababu bila hilo duara sumaku yake ingegongana na kioo kikishushwa. Duara lenyewe limepakwa rangi ya mafuta lisivimbe kwa maji. Juu ya spika kuna kipande cha nailoni kimekatwa kama ukingo wa paa, maana mvua hupita na kioo ikateremka ndani ya mlango, na spika nyingi hufa kwa maji hayo. Chini ya kila nati kuna kiduara cha mpira. Waya umepitishwa ndani ya ule mpira wa asili kati ya mlango na bodi, haukubanwa popote. "Huyu ni fundi," mzee akasema. "Mimi nisingefanya hivi. Ningechoka."

Nikaona haya. Kidogo. Huyu kijana alitumia saa nzima kukata ukingo wa nailoni ambao hakuna mteja angeuona, kwa 25,000, na nilivyombana kwenye bei nakumbuka. Nilikuwa tayari kumpa nyota nne palepale kwenye vumbi la Makorora.

Halafu nikafika nyumbani, hasira ikarudi mbichi. Kwani ubaya ndio huo. Angekuwa mzembe ningesema ni mzembe, nikasahau. Lakini mtu anayejua kuikinga spika na tone la mvua alishindwa kusema, "Dada, ngoja nitazame." Maneno matatu. Aliona wenye bodaboda wanamtazama, akachagua wao.

Mzee alichukua 3,000, akasema ni ya kahawa na kashata. Nikamuuliza kuhusu zile wati 600 zilizoandikwa kwenye spika, akacheka mpaka akakohoa. Redio ya namna hii, akasema, ikitoa 15 au 20 za kweli kwa kila spika, shukuru Mungu. Jumla yangu ikawa 81,000, na mpiga besi amerudi kazini. Mama alipolisikia hakusema kitu. Alianza kuimba tu.

Nyota ngapi? Kazi ya mlango, tano. Waya, moja. Mdomo, sina namba hiyo. Mnaoniuliza niwapeleke kwa nani, jirani yangu wa Chumbageni mwenye kigari kama changu aliniuliza hivyo hivyo wiki iliyopita, nikampeleka kwa yule yule fundi wa Ngamiani. Nilimpa na betri ya saa aiweke mfukoni, nikamwambia asilipe mpaka aone karatasi zote mbili zinaruka nje. Mimi sikushuka. Nilibaki garini, vioo vinne chini, flashi ya mama ndani, besi linatikisa mpaka kibati cha namba. Fundi alikuwa amekunja mgongo kwenye gari la mtu. Akageuka.

Nikampungia mkono. Hakupunga.