Amoksilini: kazi inazoziweza na sifa inazopewa bure

Amoksilini ni dawa ambayo wengi wanaitambua kwa rangi ya kapsuli kabla ya kulisoma jina. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu, tena kwenye kundi la antibayotiki za kuanzia, zile zinazotakiwa kupatikana kila mahali na kutumika kabla ya kukimbilia zilizo kali zaidi. Hadhi hiyo inastahili. Kinachoharibu ni jinsi watumiaji wanavyoipima. Mtu ana mafua siku ya 3, anameza kapsuli, siku ya 7 yuko mzima, basi dawa inapewa nyota 5. Mafua yangeisha siku hiyohiyo. Hapa tunaitazama zaidi kwa majaribio ambamo kundi moja lilipewa amoksilini au antibayotiki nyingine, na la pili likapewa kidonge kisicho na dawa au halikupewa kitu.

Kwanza namna inavyofanya kazi, kwa sababu ndipo mipaka yake inapoanzia. Inavuruga ujenzi wa ukuta wa seli ya bakteria, na bakteria anayegawanyika bila ukuta imara hupasuka. Virusi havina ukuta huo, kwa hiyo hakuna cha kuvuruga. Wapo hata bakteria wasio na ukuta, kama maikoplazma anayesababisha aina mojawapo ya nimonia. Kwa huyo, amoksilini ni sawa na maji.

Kazi inayoipatia heshima ni nimonia ya watoto. Kupumua kwa haraka ndiyo alama ya kwanza, na hapa wengi hukosea: hesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni za haraka. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha mara 4 hukuza kosa la pumzi 1 likawa la pumzi 4. Katika jaribio la Malawi lililochapishwa 2019, watoto wenye kupumua kwa haraka bila dalili nyingine za hatari walifuatiliwa hadi siku ya 4: tiba ilishindwa kwa asilimia 4 ya waliopewa amoksilini na asilimia 7 ya waliopewa kidonge kitupu. Ukisoma takwimu hizo kwa makini utaona mambo mawili kwa pamoja. Dawa inasaidia kweli, na watoto wengi wa kundi hilo wangepona bila hiyo, maana kupumua kwa haraka peke yake mara nyingi hutokana na virusi. Bado tunaunga mkono kuitoa, kwa kuwa hakuna kipimo rahisi cha kuwatenga wachache watakaozidiwa.

Umbo bora kwa kazi hiyo ni kidonge cha miligramu 250 kinachoyeyuka katika kijiko cha maji au maziwa ya mama. Mwongozo wa kawaida unakwenda kwa uzito: kilo 4 hadi chini ya 10, kidonge 1, kilo 10 hadi chini ya 14, vidonge 2, kilo 14 hadi 19, vidonge 3, asubuhi na jioni, siku 5. Mtoto asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye degedege au aliyelegea hahitaji dawa ya kumeza, anahitaji hospitali na sindano.

Dawa ya maji tunaipa alama ndogo, kosa likiwa kwenye chupa. Huuzwa kama unga, mara nyingi kwa nguvu mbili: miligramu 125 au 250 katika kila mililita 5, na chupa zinafanana. Maelekezo ya "kijiko kimoja" bila kutaja nguvu hayana maana, kwani yanaweza kuwa nusu ya dozi au dozi maradufu. Kuichanganya: gonga chupa ili unga uachane na kitako, weka karibu theluthi mbili ya maji yaliyochemshwa na kupoa kabisa, tikisa, subiri povu lishuke, ndipo ujaze hadi kwenye alama. Ukijaza maji yote mara moja, povu hudanganya jicho na unga hubaki mabonge. Tikisa kila mara kabla ya kumpa mtoto, la sivyo dozi za mwanzo zitakuwa nyepesi na za mwisho nzito. Pima kwa bomba lisilo na sindano, si kijiko cha chai. Ikishachanganywa hudumu siku 7 hadi 14 kulingana na lebo, na baridi ya friji huisaidia.

Koo ni habari nyingine. Majaribio yakijumlishwa, antibayotiki hupunguza maumivu ya koo kwa takriban saa 16, na zaidi ya watu 8 kati ya 10 wasiopewa dawa hupona ndani ya wiki. Sababu nzito ya kutibu ni bakteria wa streptokoka, anayeweza kuacha homa ya rumatiki na kuharibu vali za moyo, hasa kwa watoto wa umri wa shule. Hapo dawa hupunguza hatari hiyo kwa zaidi ya theluthi mbili. Homa, usaha kwenye tonsili, tezi za mbele ya shingo zinazouma, na kutokuwepo kwa kikohozi huelekeza huko. Mwenye kikohozi, mafua na sauti iliyokauka karibu kila mara ana virusi. Kwa streptokoka dozi ni siku 10 kamili.

Sikio la mtoto: takriban 6 kati ya 10 hupata nafuu ndani ya saa 24, wawe wamepewa dawa au hawakupewa. Ukitibu watoto 20, mmoja ndiye anayeepushwa maumivu ya siku ya 2 au 3, ilhali kwa kila 14 wanaotibiwa, mmoja huharisha, hutapika au hupata vipele. Biashara hiyo ina hasara, isipokuwa kwa walio chini ya miaka 2 wenye masikio yote mawili yaliyoambukizwa, au sikio linalotoa usaha. Wengine dawa ya maumivu inawatosha kwa siku 2 au 3 huku ukiangalia.

Kikohozi cha mtu mzima asiye na nimonia ndipo inapopata alama ya chini kabisa. Jaribio la 2013 lililohusisha watu 2,061 katika nchi 12 za Ulaya liliwapa nusu yao gramu 1 mara 3 kwa siku, siku 7, dozi ya kutosha kabisa. Muda wa kuumwa haukutofautiana kwa maana yoyote. Majipu na maambukizi ya mkojo pia si mahali pake: stafilokoka wengi, ambao ni bakteria wa majipu, na aina nyingi za bakteria wa utumbo wanaoingia kwenye mkojo, hutengeneza kimeng'enya kinachoikata dawa kabla haijafika kazini.

Kama kinga, ina nafasi chache na finyu. Mwenye vali bandia ya moyo, au aliyewahi kupata maambukizi ya utando wa ndani wa moyo, humeza gramu 2 mara moja, dakika 30 hadi 60 kabla ya kung'olewa jino. Mtu mwenye moyo mzima hahitaji. Kwa watoto wenye utapiamlo mkali wanaotibiwa nyumbani, jaribio la Malawi la 2013 lilionyesha vifo asilimia 4.8 dhidi ya 7.4 kwa wasiopewa, lakini jaribio la Niger la 2016 halikuona tofauti ya maana katika kupona kwao. Kapsuli za kumeza siku kadhaa baada ya upasuaji "ili kidonda kisiingie vijidudu" hazina ushahidi. Kinacholinda kidonda ni dozi ya mshipani kabla ya kisu, kwa kawaida antibayotiki nyingine iitwayo sefazolini.

Mwilini nusu yake hutoweka kwa takriban saa 1, ndiyo maana mtu mzima huambiwa miligramu 500 kila saa 8. Kumeza kapsuli 2 kwa mpigo kufidia uliyosahau hakuzibi pengo lililopita. Chakula hakiizuii, na kwa tumbo linalosumbuka ni heri kula kwanza.

Mzio ndio kasoro inayoogopwa, na kwa haki: kuvimba uso, kukosa pumzi au mabaka yanayowasha dakika chache baada ya kumeza ni dharura. Ila zaidi ya 9 kati ya 10 walioandikwa kuwa na mzio wa penisilini, jamii ya dawa ambamo amoksilini imo, wakipimwa vizuri, huonekana wanaivumilia. Wengi walipata vipele utotoni vilivyoletwa na virusi vilevile ambavyo dawa haikupaswa kutolewa kwa ajili yake, na tangu hapo hupewa antibayotiki pana zaidi kwa ugonjwa ambao amoksilini ingeumaliza.