Kuhamisha kaseti za mzee kwenda memori kadi: uzoefu wangu hapa Mwanza

Niseme mapema: kile kifaa kidogo cha kuchezea kaseti chenye waya wa USB, kinachouzwa siku hizi kuwa tiba ya kaseti za zamani, kinafaa kwa nyimbo ambazo hata zikiharibika unaweza kuzipata kwingine. Kaseti ambayo iko moja tu duniani usiikabidhi kwake.

Nilikinunua dukani katikati ya jiji kwa elfu sabini. Mama yangu anafanya biashara ya dagaa Mwaloni, Kirumba, na anatembea na karedio kake kadogo kenye memori kadi. Simu za kupapasa hazitaki. Alichokuwa anataka ni kwaya zake za kwenye kaseti, pamoja na zile alizorekodi marehemu baba kwa redio kaseti yake: ngoma za Kisukuma za bugobogobo, vikundi vya ngoma vya Bagalu na Bagika vikishindana kwenye sherehe ya Bulabo pale Bujora, Kisesa, na mazungumzo na ndugu zetu wa Ukerewe. Hizo za baba hazina nakala popote.

Kifaa chenyewe ni chepesi, plastiki tupu. Unachomeka fleshi, unaweka kaseti, unabonyeza kitufe, kinaandika MP3 moja kwa moja bila kompyuta. Kwa kaseti za bugobogobo nilifurahi sana, kwani ngoma zilitoka na nguvu zake. Kasoro ilijitokeza nilipofika kwenye kwaya. Mkanda wa kaseti unatakiwa kupita mbele ya hedi, yaani kile kipande kinachosoma sauti, kwa sentimita 4.76 kila sekunde, bila kupungua wala kuzidi. Mota ya kifaa hiki haitulii. Kwenye ngoma huwezi kugundua, ila subiri kinanda kishikilie noti moja ndefu: sauti inapanda, inashuka, inayumba. Mama alisikiliza kidogo akauliza, "Mwanangu, mbona wanaimba kama wana homa?"

Jambo la pili lilinikera zaidi. Kifaa kinakata faili kila kinaposikia kimya. Kwenye albamu ya kwaya hilo ni msaada, lakini kwenye kaseti ya wazee wanaozungumza, ambapo mtu anatulia, anafikiri, kisha anaendelea, unabaki na vipande vipande visivyo na kichwa wala miguu. Ukikinunua, zima huo mpangilio kabla ya lolote. Nilipokirudisha dukani, muuzaji aliyeniapia kwamba kinakubali kaseti za aina zote alikataa katakata kukipokea.

Kaseti za baba nikazipeleka kwa fundi redio mmoja maeneo ya Makoroboi. Ana deki ya zamani, nzito, aliyoibadilishia mipira na kuilainisha. Kabla hajacheza chochote alisafisha hedi na kile kigurudumu cha mpira kwa pamba na spiriti, pamba ikatoka ya kahawia. Kisha akaweka kaseti ya mazungumzo, akasikiliza, akaniambia, "Kaka, hii ilirekodiwa kwenye redio ambayo hedi yake imekaa mshazari. Sikiliza hizo s." Kweli, kila "s" na "sh" ilikuwa imefunikwa, kama mtu anayeongea nyuma ya blanketi. Akachukua bisibisi nyembamba, akagusa skrubu ndogo ubavuni mwa hedi, akaizungusha taratibu sana, chini hata ya robo mzunguko. Ghafla sauti ikafunguka. Nikamsikia baba akisema "sasa" kwa jinsi alivyokuwa akiitamka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kazi yote iko kwenye mashine inayosoma kaseti. Sauti isiyosomwa vizuri pale kwenye hedi, hakuna programu itakayoirudisha baadaye.

Kompyuta mpakato yangu ina tundu la maikrofoni tu, ambalo halifai, kwa sababu linazidiwa upesi na sauti ya deki, na mara nyingi linapokea upande mmoja wa sauti. Tulitumia kadi ya sauti ya USB yenye tundu la kupokelea sauti ya deki, na programu ya kurekodi iitwayo Audacity, ambayo ni ya bure. Chaja tuliichomoa, maana ikiwa kwenye umeme ilileta mngurumo, na ukitumia betri umeme ukikatika kazi haipotei. Sauti tuliiacha chini kidogo ya kikomo. Ikigonga juu inapasuka, na mpasuko hautoki.

Muda haupunguzwi. Kaseti ya dakika 90 inachukua dakika 90. Nakala ya kuhifadhi tuliweka kwa WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, hezi 44,100, biti 16, ambayo inakula karibu MB 10 kwa dakika, kwa hiyo saa moja ni kama MB 600. Hizo ziko kwenye diski ya nje. Za Mama niligeuza kuwa MP3 za kilobiti 192, na saa moja haifiki MB 90. Kwenye kadi ya GB 8 anapata takriban saa 90 za kusikiliza.

Ombi langu: ile sehemu ya Audacity ya kufuta mvumo wa kaseti, itumieni kwa kiasi. Mvumo na mlio wa njuga vinakaribiana sana, na ukikazana kufuta kimoja unakula kingine. Mimi niliuacha mvumo ili njuga zibaki.

Redio hizi ndogo nyingi zinasoma kadi zilizofomatiwa kwa mfumo wa FAT32, za GB 64 zinazikataa. Pia nyingi hazifuati majina ya faili, zinafuata mpangilio ulioingiza, kwa hiyo ingiza moja baada ya moja kwa zamu unayotaka isikike.

Fundi alinitoza elfu tano kwa kaseti. Ni halali yake kabisa. Zilizobaki ni zile zenye ukungu mweupe kwenye kingo za mkanda, na moja ambayo kile kisifongo kidogo kinachobana mkanda kwenye hedi kimebanduka. Hizo hatuzichezi hivyo hivyo: atahamishia mkanda kwenye gamba zima la kaseti nyingine yenye skrubu, na zenye ukungu zitasafishwa kwanza, maana ukungu unachafua hedi na kuhamia kwenye kaseti nyingine.

Nawe kabla hujampa mtu yeyote kaseti yako, vunja vile vidole viwili vya plastiki vilivyoko mgongoni mwake. Kila kimoja kinalinda upande mmoja, na vikishatoka, hata mtu akibonyeza kitufe cha kurekodi hakitashuka.