Seti ya jeki ya haidroliki ya tani 10: uzoefu wangu wa kunyoosha bampa ya lori la kale

Seti hii ya jeki, yenye pampu ya mkono, mpira wa mafuta na silinda inayoungwa kwa vipande vya bomba, nimeitumia kunyoosha bampa ya mbele ya lori la miaka ya 1950, na ninaipendekeza kwa yeyote mwenye kazi ya namna hiyo, mradi awe na mahali imara pa kuiegemeza. Bampa ya lori hili si bati la kugongwa kwa nyundo likatii. Ni chuma cha karibu milimita 5, na upande wake wa kushoto ulikuwa umesukumwa nyuma hadi ukakaribia tairi, pakabaki mkunjo mkali karibu na mkono unaoishikilia kwenye chesisi.

Niliifungua kwanza, kwa kuwa kuinyoosha ikiwa garini kungeitwisha chesisi nguvu yote, na chesisi ikipinda hasara yake ni kubwa zaidi. Niliilaza sambamba na boriti ya chuma, uso wake wa mbele ukielekea boriti, nikafunga ncha zake kwa minyororo ya kunyanyulia mizigo, kisha nikaweka silinda kati ya boriti na kigongo cha mkunjo, nikikinga kwa kipande cha mbao ngumu. Bampa hii imetoka kiwandani ikiwa na upinde kidogo, hivyo uzi peke yake haukutosha kuwa kipimo. Nilichora umbo la upande mzima wa kulia kwenye plaiwudi, nikaikata na kuigeuza ili nipimie upande wa kushoto.

Thamani ya seti hii imo kwenye mpini wa pampu. Mwanzoni mpini huzidi kuwa mzito kila unapoubonyeza, kisha hufika mahali uzito hauongezeki tena ingawa silinda inaendelea kutoka. Hapo chuma kimeanza kukubali. Wakati huohuo rangi ya zamani ilipasuka mistari membamba na kubanduka magamba pale hasa chuma kilipokuwa kikisogea, nikajua nguvu inaingia kwenye mkunjo wenyewe wala si pembeni yake. Nyundo kubwa haikupi taarifa hiyo, tena huacha mabonde yake. Kwa kuwa chuma hurudi kidogo nguvu inapoondolewa, nilikuwa nikiisukuma bampa ipite kipimo, naachia, napima kwa ubao, narudia.

Sehemu kali ya mkunjo haikukubali kunyooka ikiwa baridi, maana chuma kilichokunjwa sana huwa kimekwisha kuwa kigumu papo hapo. Niliipasha kwa moto wa oksijeni na asetilini hadi ikawa nyekundu ya kufifia, nikasukuma taratibu huku mpira wa mafuta ukiwa mbali na moto, nikaiacha ipoe yenyewe bila maji. Hilo linafaa bampa ya rangi. Kwenye bampa ya kromu moto huharibu utando, na hata kuinyoosha baridi kunaweza kuupasua.

Kasoro zipo. Vali ya kuachia hufunguka kwa ghafla, jambo lisilopendeza minyororo ikiwa imekazwa, na kwa sababu hiyo sikusimama kamwe kwenye mstari wa mnyororo. Nyuzi za skrubu zinazounga vipande vya bomba ni laini, kwa hiyo zifungwe hadi mwisho kabla ya kusukuma. Kinachonikera zaidi ni kwamba maelezo ya seti hayasemi wazi kuwa uwezo hupungua sana ukiunga vipande virefu au ukitumia vichwa vinavyosukuma kwa pembeni. Mtu akiamini tani 10 katika kila mpangilio anaweza kuumia. Ningefurahi pia kama ingekuja na geji ya shinikizo.

Alama hafifu ya mkunjo bado inaonekana mwanga ukipita kwa ubavu, lakini upande wa kushoto sasa unalingana na ubao, na bolti zote ziliingia kwenye matundu yake bila kulazimishwa.