VX V8 ya petroli: mrejesho wa mtu anayejilipia mafuta mwenyewe

Watu wananiuliza sana kuhusu hili shangingi na swali ni lile lile kila siku, "mkuu linakula ngapi?", kwa hiyo naandika hapa mara moja nimalize. Gari ni Land Cruiser 200, mtaani tunaliita VX V8, injini ya petroli ya silinda nane (ndo hiyo V8) cc 4600, ile yenye kodi ya 1UR, limetoka Japani likiwa used. Natembelea nalo Dar na mara moja moja napanda nalo Iringa nyumbani.

Jibu ni hili. Mjini kilomita 4 mpaka 5 kwa lita. Ijumaa jioni foleni ikikolea usishangae kuona 3 na nusu. Safari ukitulia kwenye 80, 90 hivi linakupa mpaka 8, ukianza mambo ya 130 linarudi kwenye 6 fasta. Na kabla hujasema gari bovu, vipimo vya Wajapani wenyewe walipoliuza jipya vilikuwa kwenye 7 hivi kwa lita, na yale ni mazingira ya kubembeleza, sio Mandela Road saa 12 jioni na AC iko namba ya mwisho.

Sasa tuweke hela. Lita tuifanye 3,000 maana kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wanaosimamia bei za mafuta, wanatangaza bei nyingine (Agosti 2022 petroli Dar ilifika 3,410, mwenye V8 kipindi kile anajua). Langu lina tanki kubwa la lita 93 na dogo la lita 45, jumla 138, yani kusema tu "jaza" pale sheli ni laki nne na kumi na kitu, na yule kijana wa pampu anakuangalia mara mbili kuhakikisha umesema jaza kweli. Mtu wa Kimara anayeenda Posta na kurudi ni kama kilomita 30, hapo elfu 20 imeenda kwa siku kabla hujanunua chakula cha mchana wala kulipia parking. Njia hiyo hiyo jirani yako mwenye kale ka Toyota IST anaimaliza kwa elfu 8 na anafika muda ule ule uliofika wewe, maana foleni haina V8.

Hapo kwenye foleni ndo watu wengi hawaelewi. Wanadhani linakula kwa sababu ya spidi, kumbe linaua zaidi likiwa linasimama simama. Chuma kina tani 2 na nusu na ushee, kila ukiondoka pale taa unausukuma uzito wote huo kutoka sifuri, alafu mita 40 mbele unakanyaga breki, yale mafuta yote yameishia kuwa joto kwenye diski. Unasimama, silinda nane bado zinazunguka, AC ya mbele na ya nyuma inavuta. Na four wheel yake ni ya muda wote, hakuna kusema leo natembelea matairi mawili nipumzike. Ndo maana mtu mmoja anakwambia lake linaenda 8 mwingine anasema 4 na wote wako sahihi, mmoja anaishi barabara kuu mwingine anaishi Tabata.

Nimejaribu zile mbinu zote za mafundi. Iliyosaidia kweli ni upepo wa tairi kuwa sawa, kutoa ile keria ya juu iliyokuwa inazuia upepo bure, na kubadili oksijeni sensa (ile inayopima moshi ili injini ijue imwage mafuta kiasi gani) iliyochoka kwa uzee, hiyo ya mwisho niliiona kabisa kwenye risiti za sheli. Zile dawa za kumimina kwenye tanki eti zinapunguza ulaji, bana, kanunue soda.

Ila sasa, nisiwe mnafiki. Nenda nalo safari. Umepita Chalinze, Moro umeiacha, Mikumi unatembea 50 yako kwa adabu unaangalia tembo, alafu unafika mlima Kitonga. Malori yanatambaa yanalia, basi nalo linatafuta nafasi, wewe unasubiri kipande kilichonyooka unakandamiza kidogo tu, gia inashuka yenyewe, injini inatoa ule mngurumo wa chini chini sio kelele, na farasi 300 na kitu wanakutoa pale mbele ya malori mawili kabla abiria hajamaliza sentensi. Mtu aliyeovateki Kitonga na gari ya cc 1300 imejaa familia na magunia atanielewa, ule ni usalama sio sifa. Alafu ukiacha lami ukaingia vumbi ndo kabisa, mashimo unayasikia kwa mbali, bi mkubwa wangu miaka yake sabini na anateremka mgongo hauumi. Dar mpaka Iringa ni kama kilomita 500, nikitulia natumia lita 62, 65 hivi, chini ya laki mbili, tukiwa watu saba na mizigo yote. Gawanya kwa vichwa uone kama ni hasara kama mnavyosema.

Kinachouma pembeni ya mafuta ni kila kitu kuhesabiwa kwa nane. Plagi nane, koili nane, oili zaidi ya lita 7 kila sevisi. Na ukiingia gereji na V8 bei ya bushi inapanda hata kabla hujashuka, nimezoea kumtuma dogo akaulize bei kwa miguu kwanza.

Mi naona hili gari linamfaa mtu asiyelipa mafuta. Yale ya namba za serikali, STL na STK, mnayoyaona yamepaki yananguruma nje ya ukumbi wa semina masaa mawili dereva amelala ndani na AC, mafuta yale yana fungu lake, na mengi ni dizeli, ile V8 4500 yenye turbo mbili ambayo inatembea mbali zaidi kwa lita. Sokoni Japani 200 iliuzwa petroli tu, so ukiagiza kule jua unaagiza ya petroli kama hii ya kwangu. Toyota wenyewe walipotoa Land Cruiser 300 mwaka 2021 V8 waliiacha, wakaweka V6 zenye turbo na gari likapungua kama kilo 200.

Kuhusu kufunga gesi, ndio inawezekana na jamaa wamefunga, hela inaokoka kweli. Ila mtungi unakula buti lote ambalo ndo sababu mojawapo ya kununua gari hili, na kuna ile foleni ya kujaza, na kwa safari ya Iringa gesi ikiisha njiani unarudi petroli kule kule. Mi nimefanya kitu rahisi zaidi, nimenunua kigari kidogo cha kwenda kazini, shangingi linatoka weekend na safari. Mwenye hela ya gari moja tu na kazi yake iko Posta, chukua Harrier ndogo ya cc 2000, mi nakwambia hivi nikiwa bado nalipenda langu na siuzi.